Nimepewa kuongoza mdahalo wa ndoa za jinsia moja, niuandaeje?

Washauri, shikamooni.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili na mwenyekiti wa klabu ya midahalo chuoni kwetu. Baada ya wiki tatu tuna mdahalo ambao mada yake ilipitishwa na wanachama wenyewe: "Ndoa za jinsia moja, ndiyo au hapana?" Kila upande una wasemaji watatu, na ukumbi huwa unajaa.

Nina hofu. Mdahalo wetu uliopita, uliohusu adhabu ya kifo, uliharibika mapema. Upande mmoja ulisoma maandiko, mwingine ukaimba haki za binadamu, na hakuna aliyemjibu mwenzake. Safari hii naona dalili zilezile. Wanaounga mkono wananiambia "dunia nzima imeshakubali". Wanaopinga wananiambia viongozi wa dini watalazimishwa kufungisha ndoa hizo. Sijui nani anasema kweli, na sitaki kukalia kiti cha mbele nikiwa sijui.

Yapo mengine mawili. Pande tulizigawa kwa bahati nasibu, na msemaji mmoja ameangukia upande asiouamini. Anaogopa watu watadhani ndio msimamo wake. Mwingine amenivuta pembeni akaomba aondolewe kwenye orodha, bila kutoa sababu. Nahisi jambo lenyewe linamgusa. Sikujua nimjibu nini, nikamwambia asubiri.

Nisaidieni niujenge mdahalo huu ili watu wasikilizane.

Mwenyekiti mwenye wasiwasi

*

Marahaba, Mwenyekiti.

Tuanze na usalama. Kabla tangazo halijabandikwa, nenda kwa mlezi wa klabu na mwanasheria wa chuo ukiwa na mada kwa maandishi. Kujadili sheria iweje ni kazi ya kawaida ya kitaaluma, lakini zipo nchi ambako maneno ya hadharani juu ya suala hili yanaweza kumfikisha mtu mahakamani. Sheria ya Uganda ya mwaka 2023 inafanya "kukuza" mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa lenye kifungo cha hadi miaka 20. Urusi ilikuwa na katazo la mwaka 2013 lililohusu watoto, na mwaka 2022 ikalipanua likawahusu watu wazima pia. Pata kibali cha maandishi kinachosema wazi kwamba pande zote mbili zitasikika. Ukikataliwa, usiufanye kwa siri, maana watakaoumia ni wasemaji ambao majina yao yako kwenye tangazo.

Sasa mada yenyewe. Kelele unazoziogopa zinaanzia hapo, kwa sababu "ndiyo au hapana" yenu imefunga pamoja maswali manne. Je, uhusiano wa watu wa jinsia moja uwe kosa la jinai? Kama si kosa, je, dola iutambue na kuusajili? Ukitambuliwa, uwe ndoa au hadhi nyingine ya kisheria? Na nani mwenye mamlaka ya kuamua, mahakama, bunge, au wananchi kwa kura ya maoni? Msemaji wa kwanza akijibu swali la jinai na wa pili akajibu la hadhi, watazungumza usiku kucha bila kugusana.

Nchi nyingi zimejibu maswali haya kwa majibu tofauti. Mahakama ya Juu ya India ilifuta jinai kwa watu wazima wanaokubaliana mwaka 2018, kisha tarehe 17 Oktoba 2023 ikakataa kutamka kwamba kuna haki ya kikatiba ya ndoa za jinsia moja, ikisema hilo ni la Bunge. Wapiga kura wa Croatia waliandika katika katiba, mwaka 2013, kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Mwaka uliofuata bunge lao likapitisha sheria ya ubia wa maisha kwa wapenzi wa jinsia moja. Denmark ilianza kusajili ubia mwaka 1989, ya kwanza duniani, lakini ndoa yenyewe ikaja mwaka 2012. Hata mtu mmoja hapo ukumbini anaweza kusema "ndiyo" kwa swali moja na "hapana" kwa jingine, wala asiwe anajipinga.

Mwandikie kila msemaji mada hii mpya: "Ukumbi huu unaona kwamba sheria ya nchi iwaruhusu watu wazima wawili wa jinsia moja kufunga ndoa ya kiserikali yenye haki zilezile na wajibu uleule wa ndoa nyingine." Swali la jinai limetoka. Ibada za dini zimetoka. Suala la hadhi limebaki, na ndilo lenye uhai. Upande unaopinga una njia mbili: kusema dola isitambue chochote, au kusema itambue kitu kingine kisicho ndoa. Waambie mapema kwamba msemaji wao wa kwanza ndiye atakayetangaza njia waliyoichagua, na wawili wanaomfuata hawaruhusiwi kuihama. Midahalo mingi ya mada hii hufia hapo: msemaji wa kwanza anakataa utambuzi wowote, wa tatu akibanwa anasema "tungewapa tu ubia wa kiraia", na upande wa pili unakuta hoja zake zote zimejibu kitu ambacho hakipo tena.

Ukishamaliza mada, wasaidie wasemaji waone mgongano ulipo. Ndoa ya kiserikali ni furushi la mambo ya kawaida sana: kurithi pasipo wosia, pensheni ya mwenza aliyefariki, nani aulizwe daktari anapotaka ridhaa na mgonjwa hajitambui, kibali cha ukaazi kwa mwenza mgeni, uzazi wa kisheria wa mtoto. Humo humo mna wajibu: matunzo, kugawana mali wakiachana, kufuata utaratibu wa talaka. Wanaounga mkono huwa wanasema "mapenzi ni mapenzi", kauli ambayo haimshawishi mtu asiyekubali tayari. Wape kesi ya Edith Windsor. Alifunga ndoa na Thea Spyer nchini Kanada mwaka 2007. Spyer alipofariki mwaka 2009, serikali kuu ya Marekani ilimdai Windsor kodi ya mirathi ya dola 363,053, kwa sababu sheria ya mwaka 1996 ilisema mwenza wa ndoa ni wa jinsia tofauti tu. Angekuwa mjane wa mwanamume, asingedaiwa hata senti. Mahakama ya Juu ilibatilisha kifungu hicho mwaka 2013, majaji 5 dhidi ya 4.

Msemaji hodari wa kupinga atajibu kwamba kesi hiyo inaonyesha haja ya kurekebisha sheria za kodi na mirathi, haithibitishi haja ya kubadili ndoa. Watu waandike wosia, watoe hati za uwakilishi, au bunge liwape hadhi nyingine. Ni jibu zuri. Anayeunga mkono akisoma vizuri atarudi na hili: mkataba huwafunga walioutia saini. Haumfungi afisa uhamiaji, wala mfuko wa pensheni, wala ndugu wa marehemu wanaokuja kudai nyumba. Na hadhi nyingine ikiwa na haki zote za ndoa, kwa nini inyimwe jina? Mpingaji atasema jina lenyewe lina maana katika jamii, ndiyo maana wote wawili wanaligombea. Wakifika hapo, Mwenyekiti, mdahalo wako umefaulu. Usiukatishe kwa taarifa za ukumbini, yaani maneno mafupi ya kumkatiza msemaji. Waache dakika zao zitumike.

Wanaopinga nao wasiachwe na hoja za mitaani wakati zipo za kisomi. Iliyo imara zaidi inahusu kusudi: dola inajihusisha na ndoa kwa sababu muungano wa mwanamume na mwanamke ndio unaozaa, na sheria inataka kumfunga baba na mama kwa mtoto wao. Watapigwa na swali la wazee na wasiozaa, ambao sheria haiwakatazi kuoana. Wajiandae kujibu kwamba sheria hutungwa kwa kuangalia aina ya muungano, haikagui kila nyumba. Hoja ya pili ni ya mamlaka. Jaji Mkuu John Roberts aliitumia alipopinga hukumu ya Marekani ya tarehe 26 Juni 2015, iliyofungua ndoa nchi nzima kwa majaji 5 dhidi ya 4: kwamba katiba haisemi lolote juu ya hili na wananchi ndio waamue. Mwonye atakayeitumia kuwa hoja hiyo haisemi ndoa hizo ni mbaya; inasema mahakama imeingia mahali pa bunge. Mada yenu haikutaja nani aamue, kwa hiyo ikisimama peke yake haitoshi.

Kuhusu viongozi wa dini, madai ya wasemaji wako yamekosea mahali pake, ingawa yana punje ya kweli. Sheria ya England na Wales ya mwaka 2013 inasema kwamba hakuna taasisi ya dini wala kiongozi wake anayeweza kulazimishwa, na Kanisa la England likawekewa kinga ya ziada. Tatizo halisi la dhamiri liko kwa mtumishi wa serikali. Afrika Kusini, katika sheria yake ya mwaka 2006, ilimruhusu msajili wa serikali kukataa kufungisha ndoa hizi kwa sababu ya dhamiri. Mwaka 2020 kifungu hicho kilifutwa, kwa hoja kwamba mwananchi hawezi kufika ofisi ya umma akakosa huduma kwa sababu ya imani ya aliye kaunta. Msemaji wa kupinga akihamishia hoja yake hapo atakuwa na mfano unaokagulika, na wa kuunga mkono atalazimika kufikiri badala ya kusema "hilo halitatokea".

"Dunia nzima imeshakubali" ifutwe. Uholanzi ilikuwa ya kwanza, tarehe 1 Aprili 2001, na hadi leo nchi zilizofuata pamoja nayo ni chini ya 40 kati ya zaidi ya 190. Upande wa pili nao usiseme "ni mambo ya Ulaya tu": Afrika Kusini ni tangu 2006, Argentina 2010, Taiwan 2019, Thailand Januari 2025, na Hungary, iliyo Ulaya, ilitunga katiba mwaka 2011 inayosema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Hata hivyo, orodha ya nchi haithibitishi kitu. Inaonyesha nini kimefanyika, haionyeshi nini ni sawa, na msemaji anayetumia dakika tatu kuisoma amepoteza dakika tatu.

Watakaotaka kuzungumzia katiba na sheria waje na vifungu. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 45(2), inampa kila mtu mzima haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti. Katiba ya Uganda, ibara ya 31(2a) iliyoongezwa mwaka 2005, inakataza moja kwa moja ndoa za jinsia moja. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 9, inaieleza ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Afrika Kusini ilifika kwingine kwa sababu kifungu cha 9 cha katiba yake kinataja mwelekeo wa kijinsia miongoni mwa misingi isiyoruhusiwa kubagulia. Kutokana na hicho Mahakama ya Katiba, tarehe 1 Desemba 2005, ililipatia bunge miezi 12 kurekebisha sheria.

"Ni haki ya binadamu kimataifa" nayo isipite bila kuulizwa: kwa chombo kipi? Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema mwaka 2002, katika malalamiko yaliyotoka New Zealand, kwamba mkataba wa haki za kiraia na kisiasa hauilazimishi nchi kufungua ndoa. (New Zealand yenyewe ilifungua mwaka 2013, kwa kura ya bunge.) Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikataa kuilazimisha Austria mwaka 2010, lakini mwaka 2015 ikaiambia Italia kwamba lazima iwe na mfumo fulani wa utambuzi. Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za mabara ya Amerika ilikwenda mbali zaidi: maoni yake ya ushauri yaliyotangazwa Januari 2018 yanataka ndoa yenyewe. Majibu matatu, vyombo vitatu. Msemaji akisema "kimataifa" bila kutaja chombo, mpinzani ana haki ya kumsimamisha kwa taarifa.

Suala la watoto litaibuka, na kila upande utapeperusha utafiti. Wafundishe kuuliza swali moja: nani amelinganishwa na nani? Utafiti wa Mark Regnerus wa mwaka 2012, unaopendwa na wanaopinga, uliwalinganisha watu ambao mzazi wao aliwahi kuwa na uhusiano wa jinsia moja, wengi wao wakiwa wametoka kwenye nyumba zilizovunjika, na waliolelewa na baba na mama wasioachana. Tofauti iliyoonekana haiwezi kutenganishwa na athari za talaka. Kwa upande wa pili, tafiti nyingi za awali zilizopendwa na wanaounga mkono zilitumia familia chache zilizojitolea zenyewe, na familia zinazojitolea si kioo cha zote. Anayetaja utafiti bila kujua sampuli yake aache kuutaja.

Swali la nani aamue mmelitoa kwenye mada, ila wasikilizaji watalirudisha. Usitafute mfano mwingine zaidi ya Taiwan. Mahakama yake ya katiba ilisema Mei 2017 kwamba sheria ya ndoa ilivyokuwa inakiuka katiba, ikatoa miaka 2. Novemba 2018 wapiga kura wakaamua kwamba ndoa katika sheria ya kiraia ibaki ya mwanamume na mwanamke, na kwamba haki za wapenzi wa jinsia moja zilindwe kwa njia nyingine. Bunge likabanwa kati ya mahakama na kura ya maoni, likaiacha sheria ya kiraia kama ilivyo na tarehe 17 Mei 2019 likapitisha sheria ya pekee inayoruhusu ndoa hizo zisajiliwe. Kila upande unaweza kulisoma tukio hilo kwa faida yake. Kwa kura za maoni pekee, Ireland ilipitisha mwaka 2015 kwa asilimia 62, na Slovenia ikakataa mwaka huohuo.

Uendeshaji hauhitaji maneno mengi. Dakika 7 kwa kila msemaji, pande zikipokezana. Taarifa ziruhusiwe kati ya dakika ya kwanza na ya sita, zisizidi sekunde 15, na msemaji aweze kuikataa. Wasikilizaji wapewe dakika 24, kila mmoja 2, na uwaite kwa zamu: mmoja wa kuunga mkono, mmoja wa kupinga. Hitimisho dakika 4 kila upande. Ukiongeza dakika 6 za kusoma mada na kanuni mwanzoni, jumla ni dakika 80. Mtunza muda agonge kengele moja ikibaki dakika 1, mbili muda ukiisha.

Kanuni za lugha ziwe chache na zisimamiwe bila huruma. Hakuna kuuliza wala kubahatisha maisha binafsi ya mtu yeyote aliye ukumbini. Hakuna majina ya matusi, na hakuna kufananisha watu na wanyama. Hoja ya "kesho wataoa mbuzi" haijibu chochote, kwa kuwa mada yenu inazungumzia watu wazima wanaokubaliana. Kwa upande mwingine, hakuna kumwita mpinzani mwenye chuki kwa sababu tu anapinga. Maandiko yanaruhusiwa, ila anayeyasoma aongeze sentensi inayoeleza kwa nini yawe sheria hata kwa asiyeyaamini. Na anayejibiwa kwa maandiko asiseme "dini yako hainihusu". Raia anaweza kupiga kura kwa sababu yoyote, hivyo aijibu hiyo sentensi ya mwisho. Anayevunja kanuni anaonywa mara moja, mara ya pili anakaa.

Simu zisirekodi. Kipande cha sekunde 20 cha mtu akitetea upande aliopewa kwa bahati nasibu kinaweza kumfuata miaka mingi, kwenye ajira na nyumbani kwao. Kwa sababu hiyohiyo andika kwenye ratiba, juu kabisa, kwamba pande zimegawanywa kwa bahati nasibu na maneno ya msemaji si msimamo wake, kisha uyasome kwa sauti kabla ya kumwita wa kwanza. Hilo linamlinda yule mwenye hofu ya kudhaniwa. Kama dhamiri yake bado inakataa, mpe kazi ya kugonga kengele, au atafute mtu wa kubadilishana naye.

Aliyeomba kuondolewa, mwondoe leo. Usimwulize sababu wala usimwoneshe kwamba umekisia kitu. Unaweza kuwa umekosea, na ukiwa hujakosea ndipo madhara ni makubwa zaidi. Usimwache aonekane peke yake. Tuma ujumbe kwa wasemaji wote sita kwamba hadi siku 10 kabla ya mdahalo yeyote anaweza kubadilishwa bila maelezo, na uwe na wasemaji wa akiba wawili. Kumwambia "asubiri" kumemwacha na mzigo ambao si wake, kwa hiyo anza na huyo kabla ya kugusa kazi nyingine yoyote.

Msimamo wako mwenyewe uuweke kando mpaka ukumbi utawanyike, hata ukiulizwa waziwazi.

La mwisho ni kura. Piga mbili, kabla na baada, ili ushindi upimwe kwa waliobadili mawazo. Ukumbi ulioingia na msimamo wake usiwe ndio unaoamua. Kamwe msinyooshe mikono. Kwenye mada hii mkono ulionyooshwa unabaki vichwani mwa watu, na wengi watapiga kura ya woga. Chapeni karatasi za rangi mbili, moja ya kabla na moja ya baada, zenye "naunga mkono", "napinga" na "sijaamua", zisizo na jina wala namba. Masanduku yawe mlangoni, wahesabu wawili watoke pande zote mbili, na karatasi zichanwe mara tu matokeo yanapotangazwa.